Aliyezima Injini Kabla ya Nyumba ya Kwanza

Habari za kifo chake nilizipata mtaani Kimanga, kwenye kibanda cha kuchajia simu, na kijana aliyenipa habari hizo alikuwa anacheka. "Muzee, unamujua ule wa kusukuma piki?" aliniuliza. "Amekufa jana asubui." Kisha akarudi kwenye nyaya zake kama mtu aliyenieleza kwamba mvua imenyesha. Hakuwa na ubaya wowote, yule kijana. Hivyo ndivyo mji mzima wa Uvira ulivyomjua marehemu: mzee mrefu, mwembamba, mwenye skuta kuukuu kuliko wazazi wa wengi wanaosoma safu hii, ambaye kila alipokaribia mahali penye nyumba za watu alizima injini, akashuka, akaisukuma kwa mikono mpaka mlangoni. Alifanya hivyo juani na mvuani. Alifanya hivyo alipokuwa na nguvu, na aliendelea hata magoti yalipoanza kumkatalia. Wapo waliosema ni bahili wa petroli. Wapo waliosema injini ni mbovu na anaona haya kukiri. Watoto wa mtaani kwake walikuwa na kiwimbo cha kumcheka, nami nimekisikia kikiimbwa na watoto ambao yeye ndiye aliyewachanja nyanya zao. Tangu nilipotoka kwenye kile kibanda nimekasirika, na sijui hasira hii niipeleke wapi kama si hapa.

Sitaandika kwamba alipendwa na wote. Alikuwa mbishi. Ukimwambia leo kuna joto, alikujibu kwamba mwaka juzi lilikuwa kali zaidi. Alikuwa na tabia ya kukukata maneno katikati ili akusahihishe, na ukimsahihisha yeye alinyamaza wiki nzima. Lakini nilimfahamu tangu miaka ya uhuru, mimi nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi na yeye muuguzi kijana wa serikali, na najua kitu ambacho wanaomcheka hawakijui. Kazi yake ilikuwa kushika njia ya kaskazini, kuingia uwanda wa Ruzizi, na kuzunguka vijiji vyake hadi Lubarika na Katogota, sanduku la sindano na dawa likiwa limefungwa nyuma ya kiti. Watu walimwita Munganga, yaani daktari. Skuta yenyewe aliirithi kazini pale mzungu aliyekuwa akiitumia alipoondoka wakati wa uhuru bila hata kuaga. Ilikuwa ya kijivu, yenye magurudumu madogo yasiyofaa kabisa kwa barabara zetu, na ilikuwa na sauti yake ya pekee: nzito kidogo, ikienda vizuri kwa muda, halafu ikajikwaa, kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi. Watu wa uwandani waliijua sauti ile kutoka mbali. Kina mama waliokuwa mashambani waliweka majembe chini na kurudi nyumbani kuwachukua watoto, na yeye alipofika alikuta wamekwisha kukusanyika.

Sasa bomba la moshi la skuta hiyo, au tiyo kama tunavyosema Uvira, lilioza. Lilikuwa limekula matope na maji ya mito kwa miaka, likatoboka chini, likaanza kumchoma mguu. La asili halikupatikana tena, maana waliokuwa wakileta vipuri walikuwa wameondoka na funguo za maduka yao. Hapo ndipo ulipoanza ule mjadala ambao wazee wachache waliobaki Kimanga bado wanaukumbuka. Fundi mmoja wa pale, mtu wa mikono hodari na majivuno makubwa zaidi ya mikono, alimtafutia Munganga mabomba matatu achague. La kwanza lilitoka ng'ambo, Bujumbura, linang'aa mpaka unaweza kujinyoa ndevu mbele yake. La pili Fundi alilitengeneza mwenyewe kwa bati la tangi la mtumbwi wa injini uliovunjika. La tatu lilikuwa la mbio, lenye tumbo katikati na mkia mwembamba, lililoachwa na kijana wa mfanyabiashara mmoja mgeni ambaye kabla ya uhuru alikuwa akishindana na wenzake kwenye barabara ya ziwani, vumbi likitufuata sisi mpaka madarasani.

Walijaribu yote. Siku za Jumapili baada ya misa na baada ya ibada, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, nusu ya Kimanga ilisimama kando ya barabara ya kwenda bandarini Kalundu kumwangalia Munganga akipita na bomba hili, akirudi, Fundi akilifungua kwa mikono iliyovikwa matambara kwa sababu ya joto, akifunga lingine, na Munganga akipita tena. Washonaji, makarani, walimu, wote tuligeuka mafundi wa injini. Lile la ng'ambo lilipasuka kwenye maungio lilipokutana na shimo la kwanza la maana, na hapo likatoka mashindanoni. La Fundi lilivuta vizuri injini ikiwa polepole, kwenye mchanga na kwenye mwinuko, lakini lilikuwa zito na lilikunywa petroli wakati ambapo petroli ilikuwa ngumu kupata kuliko chumvi. La mbio lilikuwa dhaifu mwanzoni, lakini injini ikishachangamka liliruka kama limechomwa na kitu, na sauti yake ilikuwa nyembamba, kali, ya kupasua masikio. Tulilipigia makofi. Fundi, ambaye bomba lake mwenyewe lilikuwa limeshindwa, alikubali kwa shingo upande. "Iyi njo inatembea kweli," alisema. "Nayo yangu iko na nguvu ya ng'ombe, lakini iyi iko na mbio ya swala." Tulipima mwendo, tukapima petroli, tukapima uzito na uimara wa maungio. Mpaka leo hunichoma moyo nikikumbuka ujuzi wote ule tuliomwaga barabarani, maana katika umati mzima hapakuwa na mtu wa uwandani hata mmoja, na mwenye kulisikia bomba lile kwa haja alikuwa mtu wa uwandani.

Kipindi hicho uasi ulikuwa umekwisha kuingia. Kwa wasomaji vijana nieleze kidogo. Leo mji ulikuwa wa hawa, kesho wa wale, na katikati uwanda wa Ruzizi ulikuwa njia ya kila mwenye bunduki. Watu wa vijijini hawakuwa na redio ya kuwaambia nani anakuja, na kumngoja mpaka umwone kwa macho ilikuwa ni kuchelewa. Kwa hiyo walitumia masikio. Lori kubwa lilikuwa na maana yake, jipu ilikuwa na maana yake. Wachungaji wa milima ya juu walioteremsha ng'ombe uwandani wakati wa kiangazi walikuwa hodari kuliko wote, kwa kuwa walizoea kutambua ng'ombe kwa mlio wa kengele, na walipiga mbinja kutoka kilimani kuwaonya wakulima waliokuwa chini. Mlio wowote usiojulikana ulikuwa na jibu moja tu: chukua mtoto, ingia kwenye matete. Nao mlio mmoja tu wa injini ndio uliowafanya watoke nje badala ya kukimbia, nao ni ule wa skuta ya Munganga, wenye kujikwaa katikati.

Siku alipokwenda Lubarika kwa mara ya kwanza na bomba la mbio, alikuta kijiji kitupu. Sufuria zilikuwa motoni, ugali umeachwa na mwiko ndani yake. Alisimama katikati ya uwanja akaita kwa jina lake, akaita kwa jina la chifu, akapiga kelele kwamba ni yeye, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo matete yalivyozidi kunyamaza. Alingoja mpaka jua likageuka. Waliporudi, mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mwenye surua ambaye alikuwa akiumwa siku kadhaa, na ambaye mama huyo alikuwa akimngojea Munganga kwa ajili yake. Alikuwa amekaa naye kwenye maji ya matete mchana kutwa, akimfunika mdomo asikohoe. Mtoto hakuwa na pumzi tena. Dawa ilikuwa pale pale kwenye sanduku, nyuma ya kiti, mahali ambapo sauti ya mama huyo ingefika kama angesema kwa sauti ya kawaida. Mambo hayo alinieleza mara moja tu, bila kuniangalia, akiwa anasafisha sindano ambazo zilikuwa safi tayari.

Alirudi Kimanga na bomba la mbio likiwa bado limefungwa, akaisimamisha skuta mbele ya Fundi. Nilikuwepo, nimekwenda kushonewa kiatu jirani.

"Ondoa iyi," alisema. "Unitengenezee ya zamani."

"Ya zamani ilioza, Munganga. Uliona na macho yako."

"Sitaki bati ya zamani. Nataka sauti ya zamani."

Fundi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Minye nimetengenezaka matiyo ya kila namna," alisema, "lakini sauti sijatengenezaka. Kwa nini usingoje? Batazoea iyi mupya."

"Batazoea siku gani? Na mbele ya iyo siku, nani atabaki mu nyumba aningojee?"

Basi ukaanza mtihani wa pili wa mabomba, na huu haukuwa na makofi. Fundi alichukua lile bomba lake la bati la tangi, kwa kuwa ndilo lililokaribia unene wa lile la asili, akalipasua tumbo. Akaweka ndani kipande cha kopo la sardini. Akakitoa, akaweka wavu wa waya. Akatoboa tundu, akaliziba, akatoboa jingine karibu na mkia. Munganga alikuwa msumbufu usiyeweza kumvumilia. Kila jaribio alisema sivyo, na akiulizwa namna gani sivyo, aliiga kwa mdomo wake, tu-tu-tu-tu, mtu mzima mwenye suruali ya serikali amesimama barabarani anatoa mlio wa skuta. Mwishowe hata yeye hakujiamini tena. Sauti ikisikilizwa mno inapotea, na yeye siku zote alikuwa ameisikia akiwa ameikalia, hakuwahi kuisikia ikija. Hapo ndipo alipowakumbuka kina mama wa uwandani waliokuwa bado wanajitahidi kuja Uvira, siku barabara ilipokuwa na amani, kuuza mpunga na mihogo.

Aliwaomba, kabla ya kurudi kwao, wakae nyuma ya karakana ya Fundi, mgongo kwa barabara, wasigeuke. Yeye alikwenda mbali na skuta, akaja nayo mwendo wa kawaida. Walisikiliza kama watu wanaoonja chumvi kwenye mchuzi. "Iyi iko ya mutu mwingine," mmoja alisema. Fundi akabadilisha. "Uyu iko na kifua," akasema mwingine, na wenzake wakacheka. Fundi akabadilisha tena, uso umemvimba kwa hasira, maana kina mama wale walikuwa wakiikataa kazi yake huku wamekalia magunia na kula karanga. Kulikuwa na mama mmoja wa Katogota, mdogo wa umri, mnyamavu, mwenye mtoto mgongoni. Kila jaribio hakusema kitu. Kisha lilipita moja, pale Fundi alipokata kopo la sardini katikati na kuacha nusu yake ndani ikining'inia, na sauti ikaja nzito kidogo, ikaenda vizuri, ikajikwaa. Mikono ya yule mama ilikuwa imekwisha kufungua kitenge, anamshusha mtoto mgongoni amtayarishe kwa sindano. Alipotambua anachofanya, akaona haya. "Njo yeye," alisema.

Kwa muda ilifanya kazi, na ningependa safu hii ingeishia hapo. Alikwenda Lubarika wakatoka. Alikwenda Katogota wakatoka. Bomba lile lilikuwa baya kwa kila kipimo tulichokitumia Jumapili zile: zito, mlafi, la polepole, lenye nusu ya kopo la sardini tumboni. Watumishi wenzake walimcheka. Mkubwa wake alimwambia anaiaibisha idara. Yeye alizidi kuwa na kiburi nalo, akawa anapita mjini taratibu makusudi ili tusikie, na mimi nilimwambia kwamba muuguzi anayejisikiliza hivyo atagonga mti.

Halafu skuta ikachukuliwa. Wenye bunduki waliingia kwenye zahanati yake mjini mchana, wakasema wanaikopa, wakaiwasha wakaenda nayo kaskazini. Walikuwa wa upande gani sitaandika. Pande zote mbili zilikopa kwa namna hiyo, na wasomaji wangu wana baba na babu zao pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimelazwa pale kwa malaria. Siku iliyofuata, nikiwa bado kitandani karibu na mlango, yule mama wa Katogota aliingia. Alikuwa amepanda lori la mpunga kisha ametembea, na vumbi lilikuwa limempaka mpaka kope. Hakusalimu. Alisimama mbele ya Munganga akamwangalia.

"Munganga, jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, mama. Waulize wagonjwa."

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa hapa."

"Basi ni nani alikuya kwetu na sauti yako?"

Tulielewa polepole, kwa sababu aliendelea kueleza bila kupandisha sauti. Skuta ilisikika ikija. Watu wakatoka, kina mama na watoto mikononi, na wanaume nao wakatoka mashambani kwa kuwa Munganga akija ni siku ya amani. Walioshuka kwenye skuta walikuwa wengine, na nyuma yao wenzao walikuja kwa miguu kando ya mashamba. Walichukua wanaume wa kubeba mizigo, na mume wake alikuwa mmoja wao. Mama yule alikuja Uvira akitumaini tu kusikia kwamba Munganga alikuwepo kule, kwamba ni kosa, kwamba yeye anajua wamepelekwa wapi. Munganga hakujua. Alifungua mdomo kumsahihisha kitu fulani, kama kawaida yake, kisha akaufunga, na ni mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo. Mume yule hakurudi, wala wengine wengi wa siku ile.

Skuta ilikutwa baadaye imetupwa kwenye mpunga, petroli imekwisha. Munganga aliirudisha Kimanga akamwambia Fundi alifungue lile bomba. Fundi aliomba walau alihifadhi. Alisema ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya, na sidhani alidanganya. Munganga alilichukua akalitupa ziwani pale Kalundu, mbele ya wavuvi waliodhani ana wazimu.

"Sasa nikutilie gani?" Fundi alimwuliza.

"Tia yoyote."

Mtu yule yule aliyetusumbua kwa nusu ya mlio, aliyetoa sauti za skuta kwa mdomo barabarani, alisema tia yoyote, na tangu siku ile sikumsikia tena akilinganisha bomba na bomba. Vijana walipoanza kuleta mabomba ya kila namna kutoka ng'ambo, wakabishana mbele yake lipi linavuta na lipi linalia vizuri, aliondoka.

Hapo ndipo alipoanza kusukuma. Nilimwuliza sababu, nikidhani ni huzuni na kwamba itapita. Alinijibu kwa ukali, kama nilivyotarajia. "Sauti mutu anaweza kuiba," alisema. "Nikifika na miguu, bananiona. Bakitaka kukimbia, bakimbie minye mwenyewe." Barabarani alipanda kama watu wote, lakini kabla ya nyumba ya kwanza ya kijiji alizima, akasukuma mpaka katikati, akasimama kando ya skuta mahali palipo wazi, kofia mkononi, akangoja. Mara nyingi mwanzoni hakuja mtu. Alirudi na dawa zake zote. Nilimwambia anapoteza petroli ya serikali kwenda kusimama uwanjani mwa watu kama nguzo, na alikubali kwamba ndivyo, na wiki iliyofuata akaenda tena.

Nayaandika haya nikiwa na hasira, nimekwisha kusema, na si kwa ajili ya wimbo wa watoto peke yake. Nikikumbuka miaka ile, kila kitu kilichotujia kilitujia na kelele. Uhuru ulikuja na vipaza sauti juu ya magari, ukatuahidi mema. Waasi walikuja wakiimba, wakatuahidi mema. Wanajeshi waliowafukuza walikuja na malori, nao pia. Na baadaye, amani iliporudi kwa vipande vipande, walikuja wenye miradi na ving'ora, wagombea na baragumu, wahubiri na spika zilizoelekezwa madirishani mwa wagonjwa. Kila mmoja alitaka tumtambue kwa sauti, na kila mmoja alikasirika tulipokuwa wazito kutoka nje. Wakubwa wa mji huu wameuliza mbele yangu, mara nyingi mno, kwa nini watu wa uwandani ni waoga, kwa nini wanajificha chanjo inapokuja, kwa nini hawashiriki. Wameunda kamati ya kujiuliza swali hilo. Katika kamati hiyo hakuna aliyewahi kuteremka garini kabla ya nyumba ya kwanza. Marehemu alikuwa hai miaka yote hiyo, akipita mbele ya ofisi zao akisukuma, wakamwangalia dirishani wakacheka.

Mazishi yake yalikuwa juzi. Waliohudhuria hawakuwa wengi, mpaka lilipofika lori kutoka uwandani, na ndani yake watu wa Lubarika na Katogota wamekaa juu ya magunia. Yule mama alikuwemo. Ni mzee sasa, ameshikwa mkono na binti aliyekuwa mgongoni mwake siku ile ya karakana. Nilimsogelea nikamkumbusha mimi ni nani. Nikamwuliza, kwa kuwa sikuwahi kuthubutu kumwuliza kabla, ilikuwaje akatoka tena baada ya yote yale.

"Alikuya na kusukuma," alisema. "Tulikuwa mu mihogo, tunamuangalia. Alisimama. Jua inamupiga, hatutoki. Akaenda. Akakuya tena, akasimama. Minye nilimuangalia sana. Niliona amekonda." Alimtazama binti yake. "Nikasema uyu naye walimunyang'anya. Njo nikatoka."

Nilimshika mkono, tukasimama hivyo, tukingoja jeneza. Na wakati huo huo ndipo motari walipokuja, wale vijana wetu wanaobeba abiria kwa pikipiki. Kwa desturi ya siku hizi, mtu yeyote aliyewahi kuendesha kitu cha magurudumu mawili wanamsindikiza, na kumsindikiza ni kufungua mabomba, kuondoa kila kinachozuia mlio, na kuzungusha injini mpaka moshi ufunike waombolezaji. Walikuwa na nia njema, na hiyo ndiyo inayonichosha zaidi. Binti alimvuta mama yake nyuma. Watu wa lorini, wale wazee, waliinuka wote kwa pamoja kutoka kwenye magunia, na niliwaona wanatafuta kwa macho pa kwenda. Walikuwa makaburini Uvira, mchana kweupe, katika msiba wa mtu wao, na miili yao ilikuwa inatafuta matete.

Nilimwendea kiongozi wao, kijana mwenye miwani ya jua, nikamwomba wazime, wateremke, wasukume pikipiki mpaka kaburini. Nilimwambia ndivyo marehemu alivyokuwa. Alinisikiliza kwa adabu.

"Lakini Muzee," alisema, "tukizima, batu batajuaje kama tuko tunakuya?"

Nilikuwa na jibu, lakini alikuwa amekwisha kugeuka na injini zilikuwa zimepanda, na kijana yule hakusikia neno hata moja. Kwa hiyo nimeliandika hapa, labda litamfikia mahali penye utulivu. Watajua, mwanangu. Zima mbali, shuka, ukae juani kwa muda mrefu kadiri wanavyotaka wao, wakuangalie. Usipoweza kungoja kuangaliwa, basi hukuenda kwa ajili yao.